Stetasi ya fumbo: umemrushia nani, na limempata nani?

 

Kikundi kimoja cha kuweka na kukopa upande wa Ilula kilikaribia kuvunjika kwa sababu ya maneno saba. Mweka hazina wa kikundi hicho, mama wa makamo ambaye hutusikiliza akiwa shambani, aliyaandika saa mbili usiku kwenye stetasi yake ya WhatsApp: "Pesa ya wenzako haitakufikisha mbali. Mungu yupo." Hakutaja jina. Akaongeza emoji ya mikono ya sala, akalala.

Alipoamka, watu 64 walikuwa wameshaitazama. Kabla ya saa nne asubuhi mwenyekiti alikuwa amempigia kwa hasira, akidhani anatuhumiwa kula faini za wachelewaji. Binti mmoja aliyejifungua karibuni, ambaye alichelewesha rejesho kwa wiki mbili, alituma ujumbe wa sauti akilia na hata hakuumaliza. Wifi yake mama huyo alinuna, kwa sababu naye aliwahi kukopa elfu 30 ya nauli akasahau. Fundi cherehani wa pale senta akauliza kama ni kwa ajili ya ile suruali.

Aliyekusudiwa ni mwanachama aliyekopa laki mbili za pembejeo, akavuna vitunguu, akauza, kisha akawa kimya. Huyo hakuona kitu. Anatumia kitochi. Habari zilimfikia siku ya tatu kwenye mashine ya kusaga, na alipoelezwa alishangaa kweli: "Kumbe ni mimi? Sasa kwa nini hakuja nyumbani, si tunapakana mashamba?" Vitunguu alikuwa amemkopesha dalali, na yeye mwenyewe alikuwa anasubiri kulipwa. Deni lake alilimaliza kwa awamu mbili. Yule binti hajarudi kikundini hadi leo.

Mama ametupa ruhusa ya kusimulia, mradi tusitaje jina wala kijiji. Tumeamua kusimulia kwa sababu visa vya namna hii vinatufikia mara kwa mara, kutoka Mbarali hadi Mufindi, na kila anayetuandikia anadhani yamempata yeye peke yake.

Kijembe, jiwe gizani na kiki

Tabia hii ina majina mengi mitaani kwetu. Kijembe ni neno dogo la kuchoma. Dongo ni hilohilo likiwa zito zaidi. Kurusha jiwe gizani ni kusema bila kutaja jina ukasubiri kusikia atakayelia, kwa maana ndiye limempata. Kujistukia ni kazi ya msomaji: hukutajwa, lakini moyo unakwenda mbio kana kwamba umetajwa. Kiki ni pale mtu anapotaka azungumziwe tu, iwe kwa wema au kwa ubaya. Wamarekani nao wana neno lao, walilolitunga kwa kuunganisha jina la Facebook na neno lao la jambo lisiloeleweka, kwa hiyo usidhani ni ugonjwa wa Mwanjelwa au Ipogolo peke yake.

Ukiyasoma haraka, mafumbo yote ya stetasi yanafanana. Ndani yake yana nia tofauti. Lipo la kumpiga mtu, kama la yule mama. Lipo la kuvuta watu: "Siamini kilichonitokea leo," na ukiuliza kulikoni unajibiwa "we acha tu." Na lipo la mtu aliyezidiwa, ambaye hana ujasiri wa kusema "nisaidieni." Hili la tatu tutalirudia, kwa sababu ndilo lililotufanya tuandike.

Kwa nini huwezi kulipita

Mwaka 1994 mwanasaikolojia wa Marekani, George Loewenstein wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, alieleza udadisi kwa namna rahisi sana. Alisema udadisi huanza pale mtu anapoona pengo kati ya anachokijua na anachotaka kukijua, na pengo hilo humsumbua mpaka alizibe. Mtu asiyejua lolote hasumbuki. Anayesumbuka ni aliyeonjeshwa kidogo.

Sasa itazame stetasi inayosema "Leo nimemjua adui yangu." Umeonjeshwa. Kuna adui, amejulikana, na imetokea leo. Umenyimwa jina tu. Ungeandikiwa "Nimegombana na shemeji kuhusu mpaka wa shamba la parachichi" ungesema pole ukaendelea kumenya viazi. Kwa sababu hukuandikiwa, unaingia kwenye simu mara tano kuangalia kama ameongeza neno, unampigia rafiki yenu, na bando linakwisha.

Hapa tukiri kosa letu. Sisi watangazaji tunaishi kwa mbinu hiyo. "Usiende mbali, baada ya matangazo tutakwambia kilichomkuta dereva wa lori Kitonga." Unavumilia matangazo manne ya sabuni kwa sababu ya pengo hilo. Tofauti ni kwamba sisi baada ya matangazo tunasema. Tusiposema, unahama kituo.

Mwandishi wa fumbo naye ana malipo yake. WhatsApp inamwonyesha alama ya jicho, idadi ya waliotazama, na majina yao mmoja mmoja. Mtu aliyekaa siku nzima bila kuulizwa hali anaweza kuona majina 80 yamepita mlangoni kwake. Ni faraja, tusiidharau. Shida ni kwamba ni faraja ya watu wanaochungulia dirishani kisha wanaondoka, na kesho ukitaka wachungulie tena itabidi uandike kitu kikali zaidi.

Facebook iko tofauti kidogo. Kule, chapisho lenye maoni mengi husukumwa mbele ya watu wengi zaidi. Kila "kulikoni?", kila "pole mpendwa", kila "amina" inahesabiwa. Desemba 2017 kampuni hiyo ilitangaza kuwa itapunguza usambazaji wa machapisho yanayowaomba watu wazi wazi wabonyeze, watoe maoni au wasambaze. Fumbo haliombi kwa mdomo. Linakaa kimya na watu wanalijia wenyewe.

Bibi zetu nao walifumba

Kuna wazee wanaotuambia kuwa haya ni mambo ya watoto wa simu. Hapana, wazee wetu. Kufumba ni ufundi wa Waswahili tangu zamani, na tunaufurahia mpaka leo. Pita barabara kuu ya kwenda Zambia usome nyuma ya malori na mabasi, au kwenye bajaji za Mbeya mjini. Yale maneno hayakuandikwa kwa bahati mbaya.

Kanga ndiyo mfano mkubwa. Maneno yaliyochapwa kwenye kanga huitwa jina la kanga, na mwanamke wa pwani hakununua rangi peke yake, alinunua na jina. Jirani anayemchunguza atakutana na kanga ya "Hasidi hana sababu" ikining'inia kwenye kamba ya nguo, upande wa kwake. Profesa Saida Yahya-Othman wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika mwaka 1997 kuhusu majina ya kanga kama sauti ya mwanamke katika jamii ya Waswahili. Kanga ilimwezesha kusema lile ambalo kwa mdomo lingeleta ugomvi au lingeonekana ni utovu wa adabu. Na akiulizwa anaweza kukana: mimi nimependa rangi tu, ndugu yangu.

Kisha ikaja mipasho. Miaka ya 1990 mashabiki wa taarab walijigawa kati ya kundi la TOT lililoongozwa na Kapteni John Komba, ambalo lilikuwa na Khadija Kopa, na kundi la Muungano lililokuwa na Nasma Khamis. Watu walilipa kiingilio kusikiliza jinsi upande mmoja utakavyoujibu mwingine. Ukumbini, mwanamke aliyekuwa na la moyoni alisubiri ubeti unaomfaa, akainuka kwa madaha na noti mkononi, akaenda kumtunza mwimbaji huku macho yake yakiwa mahali pengine kabisa. Mtafiti wa Marekani, Kelly Askew, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu muziki na utamaduni Tanzania, ameeleza jinsi wanawake wa Tanga walivyotumia kutunza huko kumsema mtu bila kufungua kinywa.

Lakini angalia jambo moja. Katika kanga na katika ukumbi, mlengwa yupo. Anaona kamba ya nguo. Amekaa meza ya tatu. Aliyesema yupo pia, uso wake unaonekana, na watu wanaomzunguka wanaujua ugomvi ulikoanzia. Anayepita njia asiyehusika haguswi, maana hajui kinachoendelea. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua, na maana yake ni kwamba fumbo lilikuwa na mtu wake wa kuligangua.

Rungwe walikuwa na njia nyingine

Huku kwetu bara, hasa Unyakyusa, kulikuwa na mtazamo mwingine kuhusu maneno yanayobaki kifuani, na tunadhani vijana wengi wa Tukuyu na Kyela hawajausikia.

Katika miaka ya 1930 watafiti wawili, Monica Wilson na mumewe Godfrey Wilson, waliishi Rungwe wakijifunza maisha ya Wanyakyusa. Kitabu cha Monica kilichotoka mwaka 1951 kilichukua jina lake kutokana na jambo ambalo Wanyakyusa walilithamini sana: kukaa pamoja na wenzako vizuri, mkila, mkinywa na kuzungumza, wanachokiita ukwangala. Katika vitabu vyake alieleza imani ya wakati ule kwamba manung'uniko ya wanakijiji dhidi ya mtu aliyekosea yanaweza kumletea ugonjwa kama ubaridi unaomwingia mwilini. Waliiita pumzi ya watu. Hasira ya ndugu iliyofichwa nayo iliogopwa. Ndiyo maana kwenye matambiko ya ukoo aliyekuwa na kinyongo alitakiwa akiseme mbele ya wenzake, kwa kutaja jambo lenyewe, kisha apulize maji kutoka mdomoni kuonyesha kuwa amelitoa. Asiposema, tambiko lilihesabiwa kuwa halikukamilika.

Hatukuandiki hapa turudi kwenye matambiko, na wasikilizaji wetu wa makanisani na misikitini watulie. Tunachokiona ni kwamba wazee wa Rungwe walishajua tofauti kati ya kunung'unika na kusema. Manung'uniko yanazunguka kijiji yakimgusa kila mtu, na hakuna anayeweza kuyajibu. Neno lililosemwa lina mwanzo, lina mtu wa kulijibu, na linaweza kuisha siku hiyohiyo. Stetasi ya fumbo iko upande wa manung'uniko.

Simu imebadilisha nini

Stetasi tunayoijua sasa, ya picha na maandishi yanayofutika baada ya saa 24, WhatsApp iliileta Februari 2017. Kabla ya hapo ilikuwa mstari mmoja tu chini ya jina lako. Usipobadilisha mipangilio, stetasi yako inaonekana kwa kila mtu uliyemhifadhi kwenye simu naye amekuhifadhi.

Kaa chini uwahesabu hao watu. Yupo mama mkwe. Yupo mwalimu wa darasa la mtoto wako na wakala wa kutolea pesa. Yupo mteja wako wa nyanya wa Dar es Salaam, mchungaji au shehe, mpenzi wa zamani ambaye hukumfuta namba, na afisa ugani. Kila mmoja anaisoma stetasi yako akiwa peke yake, usiku, na kila mmoja ana kidonda chake. "Kuna watu wanacheka na wewe kumbe wanakuchimba." Watu 64 wanaosoma maneno hayo wanaweza kuwa na kesi 64 tofauti kichwani, na wewe huna kesi hata moja kati ya hizo. Ile kamba ya nguo imetazama nyumba zote za kijiji kwa wakati mmoja.

Tena hawakuoni. Hawajui kama uliandika unacheka au unalia. Na hawakuulizi, kwa sababu kuuliza ni kukiri kwamba limewagusa. Hapo ndipo kujistukia kunapogeuka kuwa uadui. Mwenye biashara anaumia zaidi: mteja akihisi anasemwa haji kukuuliza, anahamia duka la pili.

Kuna na wale wajanja wanaoficha stetasi kwa baadhi ya watu. Inawezekana, mipangilio inaruhusu kuchagua nani aone na nani asione. Lakini mmoja wa waliobaki akipiga picha ya skrini, ujanja umekwisha. Stetasi itafutika kwako kesho saa mbili usiku. Iliyopigwa picha itaishi kwenye magrupu mpaka watu wenyewe wachoke nayo.

Wapo pia wanaotuuliza kama fumbo lina kinga ya kisheria kwa kuwa halina jina. Tusome sheria yenyewe. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kumtumia mtu mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Unaona kuwa kifungu kinazungumzia nia. Hakisemi "kama umetaja jina." Hatusemi kila kijembe ni kesi, na Mungu aepushe mbali polisi wajazwe kesi za wifi na wifi. Tunasema usijione salama kwa sababu tu umefumba.

Yule anayelia kweli

Kijana mmoja wa Mufindi, anayefanya kazi kwenye mashine ya kupasua mbao, aliandika kwa siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza: "Nimechoka." Siku ya pili aliweka picha nyeusi isiyo na maneno. Siku ya tatu: "Mtanikumbuka." Rafiki zake walimjibu kwa emoji za kucheka. Mmoja akamuuliza kama timu yake imefungwa. Mwingine aliandika kwenye grupu lao kwamba jamaa ameshaanza kutafuta kiki.

Walikuwa na sababu. Kijana huyu huko nyuma aliwahi kuandika "Kwaherini wote," watu wakahangaika kumpigia, kumbe alikuwa anabadilisha laini ya simu. Wenzake walishajifunza kumpuuza.

Safari hii haikuwa laini. Baba yake alikuwa amefariki miezi miwili kabla. Alikuwa amekopa kwenye programu ya mikopo ya simu ili kusaidia msiba, akashindwa kurejesha, na wakopeshaji walikuwa wanawatumia ndugu na mabosi wake meseji za kumdhalilisha. Aliyemfikia ni dereva wa bodaboda waliyesoma naye shule ya msingi. Hakujibu stetasi. Alipitisha pikipiki nyumbani kwake saa tatu usiku, akamkuta amekaa nje gizani, akakaa naye. Hawakuzungumza sana, anasema, mpaka alipomuuliza: "Mdogo wangu, unafikiria kujiua?" Kijana akajibu ndiyo. Asubuhi walikwenda pamoja kituo cha afya.

Leo kijana yupo kazini. Alipozungumza nasi alisema hivi: "Nilitaka mtu mmoja tu aniulize, lakini si kwa emoji."

Tulimuuliza kwa nini hakusema wazi. Akasema mwanaume akisema ameshindwa anachekwa, akasema aliogopa mama yake angepata presha, na akasema alishasikia kuwa ni kosa. Kwenye hilo la mwisho hakukosea: Kanuni ya Adhabu inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Lakini kumwambia mtu kwamba umezidiwa na unawaza vibaya si kosa popote. Ni kama kusema una homa.

Hapa ndipo uchungu wetu ulipo kuhusu mafumbo ya kutafuta kiki. Kila "siamini kilichonitokea" inayoishia kuwa ni simu iliyovunjika kioo inawafundisha watu 64 kutokujali. Halafu siku moja mmoja anaandika kwa maneno yaleyale, na kwa kweli amezidiwa, na sote tumeshazoea.

Ukiiona kwa mwenzako, na ukitaka kuiandika wewe

Swali la kwanza tunaloulizwa redioni ni utajuaje kuwa hii ni kiki na hii ni kweli. Kwa maandishi peke yake huwezi kujua, na hata waliosomea hawajui kwa kusoma mistari miwili. Unachoweza ni kuangalia na mambo mengine. Ameanza kugawa vitu vyake? Anaaga, anaomba msamaha wa mambo ya zamani, anasema ni mzigo kwa familia? Ameacha kuja kanisani, mpirani, kilabuni? Halali? Ukiona hayo pamoja na fumbo, usisubiri stetasi ya pili.

Piga simu, au kama ni karibu nenda. Usiandike "kulikoni?" hadharani, maana hilo linamlazimu ama adanganye ama anyamaze. Ukimpata, muulize moja kwa moja kama dereva yule alivyofanya. Watu wengi wanaogopa kwamba ukilitaja neno hilo utamtia wazo kichwani. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwa miaka mingi kuwa hofu hiyo si ya kweli: kuuliza wazi hakumsukumi mtu, mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Akikubali kuwa anawaza hivyo, usimwache peke yake usiku ule, waombe wa nyumbani dawa za shambani zifungiwe mahali asipofika, na asubuhi mfuatane naye zahanati au kituo cha afya ili waweze kumpa rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya, ya mkoa au ile ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri naye ni mtu wa kumwendea. Kama ni mtoto au kijana chini ya miaka 18, piga 116. Ni namba ya huduma kwa mtoto na haikukati salio.

Na kama fumbo ni la kijembe na umehisi ni lako, una njia mbili tu za maana. Ya kwanza ni kulipita kweli kweli, usilichungulie mara ya pili. Ya pili ni kumpigia aliyeandika na kumwambia bila ukali: "Dada, shikamoo, nimeona ulichoandika jana. Kama kuna kitu nimekukosea, naomba uniambie." Mara nyingi utaambiwa si wewe. Ukijibu stetasi kwa stetasi, umeingia ukumbini, na kumbuka huku hakuna mwimbaji wa kutunzwa wala saa ya kufunga ukumbi.

Kwa wewe unayetaka kuandika: andika, lakini kwanza kwenye ukurasa usiokuwa na watu. Simu yako ina sehemu ya kuandika kumbukumbu. Mwaga yote huko, na majina yao. Halafu jiulize ni mtu yupi mmoja anayeweza kulimaliza jambo hili, na huyo mpigie. Kama ni deni, mwambie kiasi na tarehe. Kama ni huzuni, hata sentensi fupi inatosha: "Mama mdogo, sina raha wiki hii, naomba nije nikae kwako Jumamosi." Kama hana simu janja, kama yule bwana wa Ilula, basi tembea. Mashamba yenu yanapakana.